Pua Nyekundu na Lugha ya Bibi

Katuni za sikukuu ni fasihi ya sebuleni. Huja kwa msimu, hutazamwa na vizazi vitatu kwenye zulia moja, na kwa kuwa hurudiwa mwaka baada ya mwaka, maadili yake humwingia mtoto kabla hajatambua kwamba anafundishwa. Zinastahili, basi, kuulizwa ni nani anayekaribishwa katika familia zinazochorwa humo, na kwa sharti gani.

Swali hilo lina uzito wa pekee Ras al Hadd, ncha ya mashariki ya Oman, na Sur iliyo jirani yake. Majahazi ya Sur yalikwenda Unguja kwa kaskazi, yakarudi kwa kusi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na hasa Sultan Qaboos aliposhika utawala mwaka 1970, familia nyingi zenye asili ya Oman zilirejea nchi ya mababu zao, Kiswahili kikiwa lugha ya nyumbani.

Desemba ya mwaka huohuo wa 1964, televisheni ya NBC ya Marekani ilionyesha kwa mara ya kwanza Rudolph the Red-Nosed Reindeer, filamu ya vikaragosi ya Rankin/Bass. Kulungu mchanga anazaliwa na pua inayong'aa. Baba yake anaiziba kwa tope, wenzake wanamtenga. Hali ya hewa inapochafuka na safari ya Krismasi kuwa hatarini, pua ileile inageuka taa, na waliomcheka wanamshangilia. Filamu inajinadi kuwa inatetea walio tofauti, lakini hesabu yake ni ya soko: tofauti inasamehewa siku inapoleta faida.

Msomaji mwenye jamaa Sharqiyah anaijua hesabu hiyo. Waliotoka Zanzibar walikuwa na elimu na Kiingereza, vitu ambavyo dola changa ilivihitaji maofisini na mashuleni. Ujuzi wao ulipokelewa kwa mikono miwili. Kiswahili, ambacho hakikuhitajika ofisini, kilibaki jikoni na barazani, na wapo wazazi walioacha kuwasemesha watoto wao lugha hiyo. Tope la baba yake Rudolph lina namna nyingi.

Ghuba nayo ina msimu wake wa katuni, nao ni Ramadhani. Mwaka 2006 Mohammed Saeed Harib wa Dubai alileta Freej, kisa cha mabibi wanne wa mtaa mkongwe uliozingirwa na jiji jipya. Hapa pana maadili bora kuliko ya Rudolph. Mabibi hawa hawaokoi safari ya mtu. Wanabishana, wanakunywa kahawa, na heshima yao haidaiwi malipo. Hata hivyo, lahaja inayotukuzwa humo ni ya Imarati. Bibi anayemwita mjukuu wake kwa Kiswahili bado anasubiri katuni yake.

Asidhaniwe kuomba mno. Rudolph ilipoonyeshwa mara ya kwanza, vikaragosi vilivyotupwa kisiwani viliachwa hukohuko bila kuokolewa. Watazamaji walilalamika, na mwaka 1965 kikaongezwa kipande cha kuvichukua. Hadhira ikidai, hadithi hubadilika. Wajukuu wa Sur na Ibra wana haki ya kudai bibi huyo, aketi kwenye zulia la sikukuu na lugha yake, kabla ya dhoruba yoyote kumhitaji.