Kuchacha na Kuchachusha

Kitenzi kuchacha hakijabahatika katika Kiswahili. Wali uliolala ukichacha, unamwagwa. Mboga ikichacha, mwenye nyumba anaona aibu mbele ya mgeni. Hata mtu asiyebakiwa na senti mfukoni tunasema amechacha. Lakini kinyambue kidogo, kiongezee silabi moja tu, kiseme kuchachusha, uone kinavyoinua kichwa. Sasa tendo limepata mtendaji: kuna mikono, kuna jicho, kuna kusudi. Ufundi ninaotaka kuusifu unakaa ndani ya silabi hiyo moja. Aliyenifundisha ni bibi yangu mzaa mama, na ubao wake ulikuwa ndoo ya togwa.

Kwake Mbinga, mkoani Ruvuma, togwa haikukosekana. Ni uji wa mahindi uliolainishwa kwa kimea cha ulezi, kisha ukaachwa uchachuke kwa usiku mmoja. Mtoto hunywa, mzee hunywa, na mlokole asiyegusa pombe naye hunywa bila wasiwasi. Majirani walipokuja kulima shamba kwa kualikana, jua likishapanda kidogo ndoo ilipelekwa kichwani hadi shambani, na kata ikazunguka mkono kwa mkono. Togwa ilikata kiu na njaa kwa mkupuo mmoja.

Kazi yake huanza karibu wiki nzima kabla mtu hajanywa. Bibi alipepeta ulezi kwenye ungo, akauosha, akauloweka usiku kucha, kisha akauchuja, akautandaza juu ya gunia bichi na kuufunika. Kwa siku mbili au tatu aliunyunyizia maji na kuugeuza asubuhi na jioni, mpaka kila punje ikatoa kimzizi cheupe, chembamba kama uzi. Hapo aliuanika juani hadi ukakauka kabisa, akaupikicha vimizizi vikadondoka, akausaga. Unga huo wa kahawia, wenye harufu tamu, ndio kimea. Mbegu inapoota hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga wake uwe sukari, ili mche mchanga upate chakula kabla haujaliona jua. Mtengeneza togwa huazima nguvu hiyo ya mche na kuitia kwenye uji wake.

Uangalizi unaanzia hapohapo kwenye gunia. Kimea kilichoota kuvu Bibi hakukikausha akakichanganya na kizuri. Alikitupa chote, hata kama ulezi wenyewe ulikuwa wa kuazima. Nilipokuwa mdogo niliona ni ukali. Mwaka 2016, mahindi yenye sumukuvu yalipoua watu Dodoma na Manyara, ndipo nilipouelewa ukali ule. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha, wala uchachu si wa kutegemewa kuimaliza. Nafaka mbovu ikichachushwa hubaki nafaka mbovu. Tena alipenda ulezi kuliko mtama, kwa sababu chipukizi la mtama lina kitu kinachoweza kuzaa sayanaidi, na anayetumia mtama sharti ayaondoe machipukizi yote.

Kimea kikishapatikana, kilichobaki ni kupika na kungoja. Kwa anayeanza, lita tano za maji na nusu kilo ya unga wa mahindi zinatosha. Pika uji uive vizuri, uwe mzito. Uipue, uache upoe. Bibi hakuwa na kipimajoto; alikuwa na kidole. Alikitumbukiza kwenye uji na kuhesabu polepole hadi kumi. Kidole kikivumilia, aliunyunyizia kimea, kikombe kimoja cha chai, na kuanza kukoroga.

Hatua hii usiipite haraka, maana ndiyo iliyonifunga kwenye ufundi huu. Mwanzoni mwiko unakuwa mzito mkononi, uji unavutana na kuacha mifereji nyuma ya mwiko. Unakoroga, unakoroga, mkono unachoka. Kisha, bila mtu kuongeza hata tone la maji, mwiko unaanza kuwa mwepesi. Mifereji inajifunga yenyewe. Dakika chache baadaye uji uliokuwa unabeba mwiko unatiririka kama maziwa, na ukionja, una utamu ambao hukuutia. Wanga umevunjika. Ndiyo maana wataalamu wa lishe nchini waliuhimiza unga wa kimea kwa uji wa watoto: mtoto tumbo lake ni dogo, na uji uliolainishwa kwa kimea hubeba unga mwingi zaidi na bado anaumeza bila shida.

Uji ukishapoa hadi kufanana na maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, huja kikombe cha togwa ya jana, ndicho kianzio. Kimiminwe, kikorogwe, ndoo ifunikwe bila kukazwa ili hewa inayozaliwa humo ipate njia.

Mara yangu ya kwanza kutengeneza togwa peke yangu, nikiwa chumba cha kupanga Dar es Salaam, nilikuwa na haraka. Nilitia kimea na kianzio uji ukiwa bado unatoa mvuke mkali. Nilikoroga hadi mkono ukauma, uji ukabaki mzito vilevile. Nilijipa moyo kwamba usiku utarekebisha. Kesho yake kutwa nzima haukubadilika, na siku iliyofuata ulikuwa na harufu ya kitu kilichosahauliwa. Joto lilikuwa limeviua vimeng'enya, likawaua na bakteria wa kianzio. Ndoo ikabaki haina mlinzi, akaingia yeyote aliyepita. Nilipompigia Bibi simu hakunilaumu. Aliniuliza swali moja: "Uliuuliza uji kama uko tayari?"

Walinzi wenyewe ni bakteria wa asidi ya laktiki. Katika togwa huonekana sana aina inayoitwa Lactiplantibacillus plantarum. Hula ile sukari iliyoachiliwa na kimea na kutoa asidi, na ndani ya saa 24 kipimo cha pH hushuka chini ya 4. Vijidudu vingi viletavyo kuhara hushindwa kustawi kwenye uchachu huo. Katika miaka ya 1990 watafiti nchini Tanzania walilinganisha watoto wadogo waliokunywa uji uliochachushwa na wale waliokunywa usiochachushwa, na choo cha wale wa kwanza kikakutwa na vijidudu hivyo kwa uchache zaidi. Siisemi togwa kuwa dawa. Anayeumwa aende zahanati. Ila kwa nyumba isiyo na jokofu, chakula kinachojilinda chenyewe usiku kucha ni neema kubwa.

Ulinzi huo nao una kikomo, na kukijua ni nusu ya ufundi. Togwa ina umri. Saa chache baada ya kimea ni tamu tupu. Kesho yake asubuhi utamu na ukali vimepatana, na ukitega sikio kwenye ndoo unasikia mchakariko mdogo, kama mvua ya mbali juu ya majani ya mgomba. Huo ndio wakati wa kunywa. Ukiiacha siku zaidi, hamira za asili zinashika usukani na inaanza kuelekea kwenye pombe. Bibi aliinusa, akaamua: hii ni ya watoto, hii imewapita.

Ndugu za togwa wametapakaa ukanda wetu wote. Wakalenjin wana mursik, maziwa yanayochachuka ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti, na wanariadha wao wakirudi na medali hupokewa kwayo. Watu wa kusini-magharibi mwa Uganda wana bushera, Wanyarwanda wana ikivuguto. Vyombo ni tofauti, lakini kila kimoja kina mtu aliyesimama karibu nacho.

Unayetaka kuanza, usinunue kitu kikubwa. Osha ndoo ya chakula yenye mfuniko, tafuta kimea kisicho na kuvu, jifunze kidole chako. Harufu ikiwa ya kuoza, au ukiona kuvu juu, mwaga bila huruma na uanze upya. Kianzio, omba kwa jirani. Inawezekana kuanza bila hicho, kwa kuwa kimea chenyewe hubeba bakteria wake, ila hukawia na matokeo hayatabiriki. Jungu kuu halikosi ukoko, na katika kazi hii ukoko ndio mali: kikombe kimoja kinachobaki chini ya ndoo ndicho kinachozaa ndoo ijayo.

Bibi ametangulia mbele ya haki. Togwa yangu ilianza na chupa niliyobeba kutoka kwake, nikiipakata kwenye basi safari nzima, mfuniko nikiulegeza kila tuliposimama. Kutoka chupa ile nimechukua kikombe, na kikombe kingine, hadi leo. Jana jioni mtoto wa jirani aligonga mlango ameshika bilauri tupu. "Shikamoo. Mama anaomba togwa ya kuanzia." Nilimjazia, nikamwambia aende taratibu isimwagike, na amwambie mama yake asubiri hadi uji ukubali kidole.