Kifaru Kimoja Dhidi ya Jeshi Zima: Hesabu Iliyoibeba Ogre

Mwaka 1977 kampuni ya Metagaming ya Austin, Texas, ilitoa mchezo mdogo wa vita wa mezani uliouzwa dola 2.95. Ndani mlikuwa na kijitabu cha kanuni, ramani moja na kete za karatasi. Jina lake Ogre, mbunifu wake Steve Jackson. Upande mmoja una kifaru kimoja tu, zimwi la chuma la siku zijazo lisilo na dereva wala mpiga mzinga ndani yake. Upande wa pili una jeshi zima linalolinda kituo cha amri. Kituo kikibomolewa, jeshi limeshindwa.

Jackson aliwahi kueleza kwamba alivutiwa na hadithi za Keith Laumer kuhusu Bolo, vifaru vyenye akili ya kujiamulia. Lakini hadithi ni kitu kimoja, na mchezo ni kitu kingine. Kifaru cha peke yake kikiwa dhaifu, pambano linakwisha kabla halijanoga. Kikizidishiwa nguvu, mlinzi anabaki mtazamaji anayeondoa kete zake mezani. Kwa maoni yangu, Ogre ilifaulu kwa sababu nguvu ya kifaru chake haikuwekwa kama ukuta mmoja mnene. Iligawanywa vipande, na kila kipande kinamlazimisha mlinzi kuamua jambo.

Mwili uliogawanywa

Tuchukue Ogre ya aina ya Mark III. Ina mzinga mkuu mmoja, mizinga midogo minne, bunduki nane za kupambana na askari wa miguu, makombora mawili, na alama 45 za minyororo ya kutembelea. Kila silaha ina kinga yake: mzinga mkuu 4, mizinga midogo na makombora 3, bunduki 1. Hakuna mahali pa kupiga "kifaru" kwa jumla. Lazima mlinzi ataje anachokilenga.

Shambulio hupimwa kwa uwiano kati ya nguvu ya mpigaji na kinga ya mpigwaji, na uwiano hushushwa daima kwa faida ya anayepigwa. Jedwali la dadu lina mpangilio safi sana. Kwa uwiano wa 1 kwa 2, nafasi ya kuharibu ni 1 kati ya 6. Kwa 1 kwa 1 ni 2 kati ya 6, kwa 2 kwa 1 ni 3, kwa 3 kwa 1 ni 4, kwa 4 kwa 1 ni 5. Ukifika 5 kwa 1, dadu haina kazi: kitu kimeharibika. Baadhi ya namba hulemaza tu kikosi cha kawaida kwa muda, ila Ogre haijali ulemavu huo. Kwake kuna kuharibika au kutoharibika.

Jedwali fupi kama hilo linazaa maamuzi mengi. Kifaru kizito cha mlinzi kina nguvu 4, hivyo peke yake kinafikisha 1 kwa 1 dhidi ya mzinga mkuu. Vifaru viwili vikipiga pamoja vinapata 2 kwa 1, yaani nusu kwa nusu. Vikipiga kimoja kimoja, nafasi kwamba angalau kimoja kitafaulu ni 5 kati ya 9, na cha kwanza kikipata, cha pili kinageukia shabaha nyingine. Hapo kutenganisha kunalipa. Lakini kifaru cha makombora kina nguvu 3 tu: dhidi ya kinga ya 4 kinashushwa hadi 1 kwa 2. Viwili vikiungana vinafika 6 dhidi ya 4, uwiano wa 1 kwa 1, na nafasi ni theluthi moja, zaidi kidogo ya kupiga mbalimbali. Hapo kuungana ndiko kunalipa. Mlinzi anayelijua hilo hupiga kwa namna tofauti na asiyelijua, ingawa jeshi ni lilelile.

Minyororo au mizinga?

Swali kubwa zaidi liko kwenye minyororo. Shambulio dhidi yake hurushwa kwa uwiano wa 1 kwa 1 hata mpigaji awe na nguvu kiasi gani. Likifaulu, Ogre inapoteza alama sawa na nguvu ya mpigaji. Kwa kuwa nafasi ni theluthi moja, kufuta alama 45 kunahitaji, kwa wastani, nguvu ya 135. Mlinzi dhidi ya Mark III anapewa vikosi 12 vya magari na askari wa miguu wenye jumla ya nguvu 20. Hata akichagua vifaru vizito vitupu, ana nguvu 68 kwa zamu, na hiyo ni iwapo kila mmoja yuko karibu vya kutosha kupiga. Kifaru kizito kinapiga hadi visanduku viwili vya ramani, askari kisanduku kimoja. Kwa hiyo hawapigi wote pamoja, na wengine hufa njiani.

Kinachookoa jeshi ni kwamba si lazima zimwi lisimame kabisa. Ogre nzima inakwenda visanduku vitatu kwa zamu, sawa na kifaru kizito. Ikipoteza alama 15, mwendo unashuka hadi viwili, na kuanzia hapo haiwezi tena kukifukuza kifaru kizito. Ikipoteza 30, mwendo ni mmoja, na hata askari wa miguu wanaiacha nyuma. Ndiyo maana mlinzi hupata faida muda mrefu kabla ya kushinda, naye anaiona kwa macho kwenye karatasi ya kumbukumbu, alama zikifutwa safu baada ya safu. Anayepiga mizinga anaokoa vikosi vyake leo. Anayepiga minyororo anaokoa kituo chake kesho.

Kisanduku kimoja kilichozidi

Toleo la kwanza lilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo inafundisha. Jeshi la mlinzi lina magari mepesi yanayoelea juu ya hewa, yaitwayo GEV. Husogea, hupiga kwa umbali wa visanduku viwili, kisha husogea tena. Mwanzoni mwendo wake ulikuwa visanduku vinne kabla ya kupiga na vinne baadaye.

Fuata hesabu kwenye mstari ulionyooka. GEV inapiga kwa umbali wa 2, inarudi nyuma visanduku 4, inabaki umbali wa 6. Ogre inasogea 3 na umbali unakuwa 3. Mzinga mkuu unafika 3, lakini mizinga minne midogo inafika 2 tu, hivyo yote inakaa bure. Wachezaji walioligundua hilo walichagua GEV tupu, na jeshi la mchanganyiko likakosa maana.

Katika matoleo yaliyofuata mwendo wa pili ulipunguzwa hadi 3. Sasa GEV inabaki umbali wa 5, Ogre inasogea 3, umbali ni 2, na mizinga midogo inafika. Tarakimu moja imebadilika, na mizinga minne imerudi kazini. Zaidi ya hapo, Ogre ikishapoteza alama 15 za minyororo, umbali unarudi kuwa 3 na GEV inapata tena usalama wake wa zamani. Safari hii usalama huo umelipiwa kwa jasho la wenzake waliopiga minyororo. Silaha moja imeanza kuihitaji nyingine.

Nyongeza ya 1978

Mwaka uliofuata ulitoka G.E.V., mchezo ndugu wenye ramani nyingine. Njia nyepesi ingekuwa kutoa zimwi kubwa zaidi. Jackson aliongeza ardhi. Kuna misitu, vinamasi, miji, barabara, mto na madaraja yanayoweza kubomolewa. Magari ya hewa yanapita juu ya maji, lakini msitu unayakwamisha. Askari wa miguu, wanyonge wa uwanja wazi, wakiingia mjini kinga yao inazidishwa mara tatu. Kete zilezile zikapata thamani mpya kutegemea zilipo.

Linganisha na Warhammer 40,000, mchezo wa vita wa mezani wa Games Workshop, Uingereza. Katika toleo la tatu la 1998, gari lilikuwa na namba ya kinga mbele, ubavuni na nyuma, na mpigaji alijumlisha dadu na nguvu ya silaha. Gari liitwalo Rhino lilikuwa na 11, 11 na 10. Bunduki ya kawaida ya nguvu 4 haikuweza lolote mbele, lakini nyuma, dadu ikitoa sita, ilifikia 10. Kwa hiyo kuzunguka adui kulikuwa na maana. Land Raider ilikuwa na 14 pande zote: silaha yenye nguvu chini ya 8 kwa kawaida haikuigusa, na kuzunguka hakukusaidia kitu. Asiyebeba silaha nzito hakuwa na la kuamua. Toleo la nane la 2017 lilifuta pande hizo na kuyapa magari ugumu na majeraha kama askari. Kila silaha ikapata nafasi, ila suala la upande likapotea.

Kwa vijana wetu wanaobuni michezo ya mezani, funzo liko wazi na halihitaji mtaji. Kabla ya kuongeza gari jipya la kivita, usianze na unene wa chuma wala wingi wa mizinga. Jiulize adui atakuwa na mambo mangapi ya kuamua litakapotokea mbele yake. Kama jibu ni moja, au hakuna, punguza chuma na ongeza njia. Kisha chukua karatasi, piga hesabu ya umbali kisanduku kwa kisanduku, na usiogope kubadilisha tarakimu hata baada ya kuchapisha.