Watazame Kondoo, Mbwa Baadaye

Anayetaka kujua kama Border Collie ni hodari awatazame kondoo kwanza. Wakitembea kwa utulivu, pamoja, bila kutweta, basi mbwa aliye nyuma yao anaijua kazi. Wakitimka huku na huku, huyo hafai, hata manyoya yake yawe yanang'aa namna gani.

Kazi hiyo ya utulivu ina babu yake. Mwaka 1893, huko Northumberland, karibu na mpaka wa England na Scotland, mkulima Adam Telfer alipata mtoto wa mbwa kutoka kwa Roy, dume mpole, na Meg, jike mweusi mwenye haya na macho makali. Akaitwa Hemp. Mbwa wengi wa zamani walichunga kwa kubweka na kung'ata. Hemp aliinama kimya, akawakazia macho kondoo, nao wakaenda. Wafugaji waligombea mbegu yake. Alikufa 1901, na leo karibu kila Border Collie ana damu yake.

Uwanjani, kwenye mashindano ya mbwa wa kondoo, mtihani huanza kwa mzunguko mpana: mbwa huenda mbali, akipinda pembeni mpaka afike nyuma ya kundi. Anayekata njia na kulielekea moja kwa moja hupoteza alama.

Kisha huja hatua ya kuwaanzisha kondoo mwendo. Ina alama 10 tu kati ya 100, lakini ndiyo inayomfichua mbwa. Amesimama, tumbo chini, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa. Kondoo mmoja anageuka, anapiga kwato chini, anamkabili. Mbwa dhaifu hukwepesha macho. Mwenye papara huruka na kuwatawanya. Hodari hupiga hatua moja, polepole, bila kupeleka macho pengine, mpaka yule mkaidi ageuke mwenyewe. Na mkia usisahauliwe: ukipanda juu, akili imeshahama kazini.

Lakini jicho kali nalo likizidi ni kasoro. Wapo mbwa wanaoganda mbele ya kondoo wakikodoa tu, mchungaji akipiga mluzi mpaka akachoka.

Kutenga baadhi ya kondoo na kuwaingiza zizini ndiko kunakoshangiliwa, ingawa hapo sifa nyingine ni za mchungaji.

Na sura? Masikio yasimame au yalale, manyoya yawe marefu au mafupi, kondoo hawajali. Klabu ya mbwa ya Uingereza ilipoitambua aina hii kwa maonyesho mwaka 1976, wachungaji wengi walinung'unika, na walikuwa na sababu: ukichagua wazazi kwa urembo, jicho hufifia. International Sheep Dog Society, iliyoanzishwa 1906, bado ina mlango wa usajili kwa mbwa asiye na hati ya ukoo: afanye kazi mbele ya waamuzi, na afaulu vipimo vya afya.