Haki ya Nani? Jina la Mungu katika Kinywa cha Mhusika

1.0 Utangulizi

Swali la iwapo ni utovu wa heshima kulitaja jina la Mungu kwa hasira, kwa mshangao au kwa kusisitiza jambo dogo limejibiwa zaidi na wahubiri kuliko wahakiki. Hata hivyo, linamhusu mhakiki moja kwa moja. Mwandishi wa riwaya au tamthilia hawezi kumchora mtu wa Afrika Mashariki akiuza, akikopa, akibishana au akijitetea bila kukabiliana na jina hilo. Akiliacha nje kabisa, mazungumzo yake hukosa uhalisi. Akilitumia ovyo, hulaumiwa kwa kukufuru, na pengine kwa kutojua kazi yake.

Makala haya yanadai kwamba lawama hiyo mara nyingi hujengwa juu ya msingi usiofaa. Kiswahili hakina mazoea makubwa ya kulitumia jina la Mungu kama tusi; hulitumia hasa kama dhamana. Kwa hiyo heshima haiwezi kupimwa kwa kuhesabu mara ambazo jina limetajwa. Hupimwa kwa kutazama kama deni lililowekewa dhamana hiyo limelipwa. Dai hili litaangaliwa kupitia usemi wa Ukambani, hususan eneo la Tawa huko Mbooni, katika kaunti ya Makueni, ambako Kikamba, Kiswahili na lugha ya makanisa hukutana katika kinywa kimoja.

2.0 Tusi, laana, kihisishi na kiapo

Ni vyema kwanza kutenganisha matumizi manne ambayo huchanganywa. Tusi hulenga kumvunjia mtu hadhi. Katika Kiswahili, matusi makali huchota kutoka viungo vya mwili, wanyama, nasaba na mama wa anayetukanwa. Jina la Mungu halimo katika ghala hilo. Laana humwomba Mungu amtende mtu vibaya, na anayelaani humchukulia Mungu kuwa yupo na anasikia. Kihisishi hutoa mshangao, uchungu au hofu: ‘Mungu wangu!’, ‘Yarabi!’, ‘Lahaula!’. Kiapo humweka Mungu kuwa shahidi wa ukweli: ‘Wallahi’, ‘Haki ya Mungu’.

Mgawanyo huu una maana kwa sababu katika Kiingereza cha filamu na riwaya nyingi, jina la Mungu au la Yesu huweza kutumika kama tusi tupu, bila ombi wala ushahidi. Mfasiri anayekutana na tusi hilo hukwama. Akiandika ‘Mungu wangu’, amegeuza tusi kuwa kilio. Akiandika ‘Mungu akulaani’, amegeuza neno lililokwisha uzito kuwa laana halisi. Ugumu huo wa mfasiri ni ushahidi kwamba swali lenyewe, likiulizwa kwa mizani ya Kiingereza, haliwi swali lile lile likiulizwa kwa Kiswahili.

J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba baadhi ya semi hazielezi tu jambo bali hulitenda. Ahadi ni mfano mmojawapo. Kiapo ni tendo la aina hiyo, nalo lina upande wa tatu usioonekana: msemaji, msikilizaji, na yule aliyetajwa bila kuulizwa.

3.0 Majina ya Tawa

Mzungumzaji wa Tawa ana majina kadhaa ya kuchagua. Katika Kikamba anasema Ngai, au Mulungu, au Mumbi, jina ambalo ni ndugu wa neno Muumba. Anapozungumza Kiswahili anasema Mungu, ambalo ni Mulungu yule yule aliyepoteza sauti /l/. Umbo la kati, Muungu, limehifadhiwa katika tenzi za kale. Kwa hiyo Mkamba anayesema ‘Haki ya Mungu’ hatumii jina la kigeni. Amelipokea jina la kwao kutoka upande wa pili.

Pamoja na hayo, anaweza kusema ‘Wallahi’ ingawa si Mwislamu. Kiapo hiki cha Kiarabu kilienea bara pamoja na Kiswahili chenyewe, na Wakamba walikuwa miongoni mwa wafanya biashara wakubwa wa misafara kati ya bara na pwani katika karne ya 19. Ludwig Krapf alipofika Ukambani mwaka 1849, mwenyeji wake Kivoi alikuwa tayari mtu wa misafara hiyo. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Nzaui mwaka 1895, nao wakaleta mkazo mpya juu ya amri inayokataza kulitaja jina la Mungu bure. Hivyo mzungumzaji wa leo amerithi kiapo cha msafara pamoja na katazo la kanisa.

Mwandishi anayeweka hadithi yake katika soko la Tawa hana budi kujua tofauti hizi. Muuza maembe anayemwambia mnunuzi ‘Wallahi, hapa sipati kitu’ hasemi sawa na yule anayesema ‘Haki ya Mungu, hapa sipati kitu’. Wa kwanza ameazima lugha ya biashara ya pwani, na msikilizaji huipokea kama sehemu ya kupatana bei. Wa pili amemtaja Mungu anayeabudiwa na wote wawili Jumapili. Mhakiki anayewahesabia wote kosa moja hajasikiliza.

4.0 ‘Haki ya nani’: tafsida kama ushahidi

Kiswahili cha Kenya kimezaa umbo linalostahili kuangaliwa kwa makini kuliko lilivyoangaliwa. ‘Haki ya Mungu’ imekuwa ‘haki ya nani’, kisha ‘haki’ peke yake, na katika vinywa vya vijana ‘aki’. Vivyo hivyo ‘Wallahi’ imekuwa ‘walahi’ na ‘walai’. Wengi huona hapa uzembe wa matamshi. Lakini ‘haki ya nani’ si matokeo ya uzembe. Msemaji amefika mlangoni pa jina, akasita, akaweka ‘nani’ mahali pake. Hiyo ni tafsida kamili, na tafsida haihitajiki pale ambapo hakuna cha kuogopwa.

Kihisishi ‘Lahaula’ nacho kina historia kama hiyo. Kauli kamili ya Kiarabu husema kwamba hakuna hila wala nguvu isipokuwa kwa Mungu. Kiswahili kimechukua mwanzo wake tu na kuliacha jina nje. Anayeichukua kauli hiyo neno kwa neno ataona kwamba kilichobaki ni ukanushaji wa nguvu zote. Hata hivyo hakuna msikilizaji anayeielewa hivyo. Sehemu iliyokatwa inaendelea kusikika.

Historia ya tamthilia ya Uingereza ina tukio linalofanana na haya. Mwaka 1606 Bunge la London lilipitisha sheria iliyoweka faini ya pauni 10 kwa kila mara ambapo jina la Mungu, la Kristo au la Utatu lingetajwa jukwaani kwa mzaha au kwa kufuru. Athari yake huonekana katika matini za Shakespeare: mkusanyiko wa mwaka 1623 umeondoa viapo kadhaa vilivyomo katika matoleo ya awali, na mara nyingi neno ‘Mbingu’ limekaa mahali pa ‘Mungu’. Wahakiki wa Othello wameonyesha hasara iliyotokana na usafishaji huo, kwa kuwa viapo vya Iago vilikuwa sehemu ya uovu wake. Alipaswa kuapa vile ili hadhira imjue.

Tofauti ni kwamba London tafsida ilisukumwa na sheria na faini. ‘Haki ya nani’ imezuka yenyewe mitaani na sokoni, bila afisa wa kuitoza. Mtu anayetaka kujua kama wasemaji wa Kiswahili wamepoteza heshima kwa jina la Mungu angeanza na ‘nani’ huyo.

5.0 Bure, na bei ya kiapo

Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 (Union Version) ilitumia neno ‘bure’ katika amri inayohusu jina la Mungu. Uteuzi huo una utajiri ambao huenda watafsiri hawakuukusudia. ‘Bure’ ni kisicho na maana, lakini pia ni kisicholipiwa. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuisoma amri hiyo kama katazo dhidi ya kulichukua jina bila malipo.

Maana hiyo ya pili inaungwa mkono na mapokeo ya Kiislamu. Kurani, katika sura ya Al-Maida aya ya 89, hutofautisha kiapo kinachomtoka mtu bila kukusudia na kile alichokifunga moyoni. Cha kwanza hakina adhabu. Cha pili kikivunjwa kina kafara yake: kulisha maskini 10, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza hufunga siku tatu. Yesu, katika sura ya tano ya Injili ya Mathayo, alikwenda upande mwingine akakataza kuapa kabisa. Mapokeo haya mawili yanapishana juu ya ruhusa, lakini yote mawili hayakubali kwamba kiapo ni kitu cha bure.

Ukambani kwenyewe palikuwa na kiapo ambacho hakuna aliyediriki kukiita cha bure. Kithitu, kilichoelezwa na wanaethnografia kama Lindblom (1920) na katika maandishi ya sheria ya kimila ya Penwill (1951), kilikuwa kifaa cha kuapia kilichoogopwa kwa sababu kiliaminika kumwua mwapaji mwongo au watu wa ukoo wake. Kama vile Kiswahili kinavyosema kula kiapo au kula yamini, Mkamba alikula kithitu. Na aliyekila kwa uongo aliliwa nacho. Hadi miaka ya karibuni magazeti ya Kenya yameripoti migogoro ya ardhi Ukambani ambamo watu walitaka kithitu kiletwe, ingawa Sheria ya Viapo na Matamko (Sura ya 15) inatoa kiapo kwa jina la Mungu Mwenyezi, na tamko kwa asiyetaka kuapa.

Jambo hili halipaswi kupitwa kama mabaki ya ushirikina. Wadai hao huwa ni washirika wa makanisa. Wanapokiendea kithitu wanatoa hukumu juu ya hali ya kiapo cha kawaida: jina la Mungu limeapiwa mara nyingi mno, na watu wengi mno, bila lolote kufuata. Kithitu kinatafutwa kwa sababu kina bei. Hapa ndipo ulipo utovu wa heshima ulio mzito kuliko ule wa kijana anayesema ‘walai’ akisimulia mchezo wa mpira. Mtu mzima aliyeshika kitabu kitakatifu mahakamani, kwa sauti ya upole na mavazi safi, akautoa uongo uliomnyang’anya mjane shamba, hakutamka neno lolote linaloweza kuitwa chafu.

6.0 Kazi ya mhakiki

Katika tenzi za kale, kuanzia Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, jina la Mungu lilikaa mlangoni: mshairi alianza kwa kulitaja kabla ya kugusa kisa chake. Riwaya imelihamisha jina hilo kutoka mlangoni hadi katika vinywa vya wahusika, wakiwemo waongo na walevi. Baadhi ya wasomaji wameuona uhamisho huo kuwa kushuka kwa maadili. Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, alimpa msichana aliyepotoka jina la sifa ya Bikira Maria, na riwaya ikapigwa marufuku shuleni Tanzania. Lakini riwaya hiyo hiyo humfikisha Rosa na babake, Zakaria, mbele ya hukumu ya Mungu. Jina takatifu halikutumika pale kama pambo. Lilidai hesabu kutoka kwa wote wawili, na hasa kutoka kwa mzazi.

Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile (1969), alionyesha upande mwingine. Kinjeketile hawezi kulirudisha neno alilolitoa kwa mamlaka ya nguvu isiyoonekana, hata pale anapojua gharama yake kwa walioliamini. Tamthilia nzima inabebwa na swali la nani atalipa.

Kutokana na mifano hii, kipimo cha mhakiki kinaweza kuwekwa wazi. Mhusika anapoapa, kiapo chake kinadai kitu katika muundo wa kazi. Ama kitimizwe, ama kivunjwe na uvunjaji huo uonekane, ama udogo wake uwe ndio habari tunayopewa kumhusu msemaji. Mwandishi anayemwaga ‘Wallahi’ katika kila mstari ili kumpaka mhusika rangi ya pwani, bila lolote kufuata, amelitumia jina bure. Na amewadhihaki pia watu wa pwani. Kwa upande mwingine, mhariri anayefuta kila kiapo ili kitabu kikubalike shuleni humwacha muuzaji wa Tawa akizungumza kama waraka wa serikali, na humnyima mwanafunzi nafasi ya kutofautisha mkweli na mwongo kwa kusikia tu.

7.0 Hitimisho

Makala haya hayakusudii kuruhusu kila kitu. Sheria ya Kenya yenyewe (Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138) hulifanya kosa neno linalosemwa kwa nia ya kujeruhi hisia za dini za mwingine, na nia hiyo inaweza kuwapo katika fasihi kama popote pengine. Linalodaiwa hapa ni kwamba nia haisomwi kutokana na kutajwa kwa jina. Kijana anayesema ‘haki ya nani’ amelikwepa jina kwa sababu bado anajua ni la nani. Anayestahili kuchunguzwa zaidi, sokoni, mahakamani na katika riwaya, ni yule anayelitaja kwa ukamilifu na kwa adabu zote, huku akijua kwamba hatalipa.