Ngoma ndani ya televizyo: tunapata nini, tunapoteza nini?

Kuna neno moja ambalo linasikika sana katika miji yetu kila mara festivali ya muziki inapokaribia. Kijana anaulizwa kama atakwenda, naye anajibu: « Niende kule kufanya nini? Miye nitaona yote mu televizyo. » Wanafunzi wetu wanasema hivyo, na baba zao pia. Neno hili tunataka kulipima katika kurasa hizi, maana ndani yake kuna kweli na kuna uongo, na vyote viwili vinagusa mila ambayo chama chetu kinajaribu kuchunga.

1. Siku tatu ndani ya saa moja na nusu

Tuanze na festivali ambayo inchi yetu inajulikana nayo duniani kote. Tarehe 22, 23 na 24 Septemba 1974, katika stade du 20 Mai mjini Kinshasa, wanamuziki wa Marekani, wa Karibiani na wa Afrika walikutana kwa festivali iliyoitwa Zaïre 74. Hugh Masekela wa Afrika ya Kusini na rafiki yake Stewart Levine njo waliipanga. Ilitakiwa iende pamoja na pigano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman, lakini Foreman aliumia juu ya jicho wakati wa mazoezi, na pigano likasogezwa mpaka tarehe 30 Oktoba. Muziki haukungoja. James Brown, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz pamoja na Fania All-Stars, Miriam Makeba, wote walipanda jukwaani. Kwa upande wa kwetu kulikuwa Franco na T.P.O.K. Jazz, Tabu Ley Rochereau na Afrisa, Abeti Masikini, na orkestra Stukas.

Sisi tunaoandika hatukuwa tumezaliwa. Yote tunayoyajua juu ya siku zile tuliyaona tukiwa tumeketi nyumbani. Filamu ya kwanza, When We Were Kings ya Leon Gast, ilitoka mwaka wa 1996, na ndani yake ngumi ndizo zinakula nafasi kubwa. Ya pili, Soul Power ya Jeffrey Levy-Hinte, ilitoka mwaka wa 2008, na hiyo ndiyo inashugulika na muziki wenyewe.

Filamu hii ya pili tunaipenda, tuseme wazi. Bill Withers anapoimba peke yake na gitaa yake, kamera inabaki karibu naye, na mtu aliyeketi kule mbali uwanjani hakuweza kumwona vile. Wanamuziki wa Fania wanapiga ngoma ndani ya ndege, na hakuna mtu wa Kinshasa aliyenunua tikiti ambaye aliona mambo yale. Kwa hiyo tusidharau. Televizyo inatupa macho ambayo mwili wetu hauna.

Lakini tuhesabu. Siku tatu za muziki zimeingizwa ndani ya saa moja na nusu hivi. Wageni walipewa sehemu kubwa, na wenye inchi wakapewa dakika chache. Franco, ambaye muziki wake ulikuwa unachezwa katika baa zote za Kinshasa, anapita pale kama mtu anayevuka barabara. Ilibidi kungoja mpaka mwaka wa 2017, ni kusema miaka 43, ndipo sahani ya wanamuziki wa Afrika waliopiga kwenye festivali ile itolewe. Kijana wa leo anayeona filamu peke yake anaweza kufikiri kwamba Wamarekani walileta muziki na sisi tulileta uwanja.

Hatusemi kwamba waliokata filamu walikuwa na roho mbaya. Walikata kwa ajili ya wale watakaonunua, na wanunuzi wengi walikuwa mbali na Kinshasa. Lakini njo hapo somo la kwanza: mtu anayetazama festivali nyumbani haoni festivali yenyewe. Anaona chaguo la mtu mwingine, na mara nyingi hamjui mtu yule wala hajui alikuwa anatafuta nini.

2. Anayeitwa na anayeitikia

Somo la pili ni zito zaidi kwa sisi watu wa mila. Tuchukue kasala ya Waluba wa Kasai, ambayo wengi wetu huku Katanga pia tumeisikia kwenye vilio na kwenye sherehe. Mwimbaji wa kasala hasemi maneno hewani. Anamwita mtu kwa jina lake, anataja baba yake, babu yake, na matendo ya watu wa ukoo wake. Aliyeitwa anasikia moyo wake unatikisika. Anasimama, analia au anacheka, anatoa kitu mfukoni na kumpa mwimbaji. Bila kuitikia huko, kasala imebaki nusu.

Sasa weka kasala ile mbele ya kamera. Mwimbaji amepewa dakika tano. Mbele yake kuna wakubwa walioketi kwenye viti, na nyuma ya kamera kuna maelfu ya watu wasioonekana. Amwite nani? Mara nyingi anamwita mkubwa aliyelipa transport. Sisi nyumbani tunasikia sauti nzuri, tunasema « huyu mama anajua kuimba », kisha tunaendelea kula. Hakuna aliyetuita, na hatuna pa kuitikia.

Wengine watasema kwamba muziki wa kisasa pia unaita majina. Ni kweli, vijana wanajua vizuri yale mabanga ya wanamuziki wa Kinshasa. Lakini tuangalie tofauti. Katika kasala unaitwa kwa sababu umezaliwa na fulani, na kuitwa huko kunakudai kitu: uishi kama wao walivyoishi. Katika mabanga unaitwa kwa sababu umelipa. Na mabanga yanapita vizuri sana mu televizyo, maana aliyelipa anataka asikike mbali. Kwa hiyo kioo hakiharibu mila zote sawasawa. Ile inayotafuta kusikika mbali inanenepa, na ile inayohitaji mtu wa karibu inakonda.

Mambo ni yale yale kwa ngoma za duara. Kijijini, hata katika lupango wakati wa kilio, watu wanafanya duara, na anayetazama sasa hivi ataingia katikati punde kidogo. Hakuna mbele wala nyuma. Jukwaa la festivali linafungua duara ile na kuifanya mustari, ili kamera ipate nyuso. Tumewauliza wanafunzi wetu juu ya ngoma moja waliyoiona mu televizyo. Wote walijua rangi ya nguo na manyoya ya kichwani. Hakuna hata mmoja aliyejua kama ngoma ile inachezwa kwa mavuno, kwa mazishi ao kwa kumweka chifu. Hawakuwa wajinga, hapana. Hakuna aliyewaambia.

3. Tulikwisha kuonywa

Wazee wetu watakumbuka kwamba kuna wakati televizyo ya Leta ilileta ngoma nyumbani kila siku. Tunasema juu ya « animation politique et culturelle » ya wakati wa Mobutu. Vikundi vilitoka katika majimbo yote, vilishindana katika festivali, na Télé-Zaïre ilivionyesha bila kuchoka. Hatua za miguu zilikuwa za kwetu kweli, na nyimbo nyingi zilitoka vijijini. Lakini maneno ya zamani yalitolewa, na jina la Guide na la chama vikawekwa pale. Kapalanga Gazungil Sang'Amin aliandika kitabu kizima juu ya mambo hayo, kilichotoka mwaka wa 1989. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na michezo ile ikaanza kufifia.

Ngoma ngapi zilirudi na maneno yake ya kwanza? Mtoto aliyekulia mbele ya kioo alijifunza wimbo wenye maneno mapya, na bibi aliyejua ya zamani alikwisha kufariki. Njo maana hatukubali mtu akituambia kwamba mila iko salama kwa sababu inaonekana mu televizyo kila juma. Kuonekana si kuchungwa.

Hata hivyo huku Lubumbashi tuna mfano mwingine, na ni haki kuutaja. Kundi la mchezo la Mufwankolo lilijulikana kwa radio na televizyo, na Johannes Fabian aliandika juu yao kitabu kilichotoka mwaka wa 1990. Watu wale hawakuchukua kitu cha kijijini na kukikata ili kiingie ndani ya kioo. Walitunga michezo kwa Kiswahili cha mjini, kile tunachosema sokoni na katika lupango, na walijua kwamba anayewatazama ameketi na jamaa yake. Kwa hiyo kosa haliko katika chombo. Swali ni nani anatengeneza, na anamtengenezea nani.

4. Haki ya mwenye kubaki nyumbani

Tusiwe wakali bure kwa wanaobaki. Mama mwenye mtoto mchanga hawezi kusimama uwanjani mpaka saa saba za usiku. Mwenye mguu mbovu hawezi. Mwenye watoto sita hawezi kulipa tikiti saba na transport ya kwenda na kurudi. Na kuna hofu, ambayo ina sababu. Tarehe 29 Oktoba 2022, kwenye konseri ya Fally Ipupa katika stade des Martyrs, watu walisongamana kupita kipimo na 11 walikufa. Mzazi anayemwambia mtoto wake « ubakie hapa, utaangalia mu televizyo » hana kosa. Wapangaji wa festivali njo wanapaswa kujibu kwanza.

Pia kuna umbali. Festivali Amani ilianza Goma mwaka wa 2014, katika uwanja wa Collège Mwanga. Kutoka Lubumbashi mpaka Goma, mwalimu gani ana feza ya ndege? Picha ndizo zilitufikia: vijana wa mji uliochoka na vita wakiimba na kucheza pamoja. Mwisho wa Januari 2025 mji ule uliingia mikononi mwa M23. Tangu siku hiyo picha zile za zamani zimepata uzito mwingine. Aliyezichunga amechunga ushuhuda, kwamba watu wale walikuwa na kitu kingine cha kuonyesha zaidi ya maturubai ya wakimbizi.

Na tuseme kitu kimoja ambacho wasomi wanakisahau. Nyumbani kwetu hakuna anayetazama peke yake. Kama kura iko, majirani wanaingia, watoto wanaketi chini, wengine wanabaki mulangoni. Orkestra ikianza, kadogo anaruka mbele ya kioo na kucheza. Bibi anamwambia: « Hapana, si vile, mguu unatangulia huku. » Mara bibi anasimama kuonyesha. Dakika ile duara imerudi, na televizyo imekuwa mpiga ngoma tu. Kura ikikatika katikati ya wimbo, bibi anaweza kuumaliza kwa mdomo. Siku hizi tunaogopa zaidi telefone, ambayo kila mmoja anaitazama peke yake pembeni, na bibi hana habari.

5. Tunaomba nini

Kwa watu wa televizyo tunaomba mambo machache, na hayahitaji feza nyingi. Waandike chini ya picha jina la ngoma, jina la kundi na mahali linakotoka. Waache wimbo hata mmoja ufike mwisho wake. Mutangazaji asiseme juu ya sauti ya mwimbaji. Mikro moja iwekwe upande wa watu, ili tusikie wanavyoitikia. Na kaseti za zamani zisifutwe ili kuandikwa vitu vipya juu yake.

Kwa sisi wazazi na walimu, tusizime televizyo kwa hasira, maana hatutashinda. Tuketi pamoja na watoto, na mzee mmoja awepo. Tuulize maswali matatu: ngoma hii ni ya nani? Inachezwa wakati gani? Ni nani anayepaswa kuitikia? Kama hakuna anayejua katika nyumba, swali liandikwe, na Siku ya Mungu liulizwe kwa jirani anayetoka upande ule. Kiswahili chetu huku kinakutanisha watu wa makabila mengi katika avenue moja, kwa hiyo mwenye jibu mara nyingi haishi mbali.

Na yule kijana aliyesema ataona yote mu televizyo, tumwombe kitu kimoja. Katika mwaka, hata mara moja tu, aende mahali ngoma inapopigwa mbele ya macho yake, hata kama ni katika lupango ya jirani na hakuna kamera. Akirudi, atuandikie jina la ngoma na jina la mzee aliyemweleza. Makaratasi hayo njo yatakuwa kazi ya kwanza ya chama chetu, na tutayapokea hata kama yameandikwa kwa makosa.