Pongezi kwa Matabibu wa Meno

Hongereni, matabibu wa kinywa na meno mnaohudumia watoto wa Sikonge na Tabora nzima. Wengi wetu huwakumbuka jino likituuma usiku. Kazi yenu huanza mapema zaidi, mtoto akiwa bado mgongoni.

Mtoto anaharisha, ana homa, fizi zimevimba. Jirani anasema ni meno ya plastiki, yang'olewe. Tabibu hamfokei mama. Anamfunua mtoto mdomo na kumwonyesha kile kivimbe cheupe: ni chonge changa, linakua. Likichokolewa, mtoto aweza kuvuja damu nyingi, kupata maambukizi, hata kufa. Kinachotakiwa kutibiwa ni kuharisha na homa.

Mna urithi wa kujivunia. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania ilianza njia ya kuziba meno bila umeme: uozo unakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, tundu linajazwa saruji maalumu. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe duniani kote.

Nasi wazazi tutimize wajibu. Asali ya Sikonge ni tamu, lakini mtoto asilale nayo menoni. Apigwe mswaki asubuhi na usiku kwa dawa yenye floridi. Aliye chini ya miaka 3 inamtosha ya ukubwa wa punje ya mchele. Gego la kwanza la kudumu huota akifika miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto. Wengi hulipuuza wakidhani litang'oka. Asanteni kwa kutufundisha kulitunza.