Moto wa Injini Ndege Ikiwa Mbioni: Hukumu Inayotolewa Kabla ya Safari

Tarehe 17 Novemba 2025, ndege aina ya Embraer iliyomchukua Waziri wa Migodi wa Kongo, Louis Watum Kabamba, pamoja na ujumbe wake, ilitua Kolwezi, ikaacha njia, ikashika moto na kuteketea. Nao waliokuwamo, kwa rehema za Mwenyezi Mungu na kwa wepesi wa kuteremka, walitoka wote wakiwa hai. Moto ule ulikuwa wa kutua. Uchambuzi huu wahusu moto ulio mgumu zaidi kuamuliwa, nao ni ule unaozuka ndege ikiwa mbioni kuondoka, matangi yamejaa mafuta na mwisho wa njia unakaribia. Kwani hapo rubani hana wasaa wa kushauriana na nafsi yake, na uamuzi wake, ili uwe mwema, sharti awe amekwisha kuufanya kabla injini hazijawashwa.

Kila ndege kubwa ya abiria, kabla ya kuondoka, hupigiwa hesabu ya kasi ya uamuzi, ambayo marubani huiita V1. Nayo ndiyo kasi ya mwisho ambayo nahodha, akiwa amekwisha kuanza kuisimamisha ndege, atatoshewa na njia iliyobaki. Ikishapitwa kasi hiyo, hata injini moja ikizimika au ikiwaka moto, ndege haina budi kuruka, na kanuni zataka jeti ya injini mbili iliyobakiwa na moja, magurudumu yakiisha kukunjwa, iweze kupanda angalau mita 24 kwa kila mita 1,000 za mwendo. Ndiyo sababu nahodha huweka mkono juu ya vishikio vya nguvu za injini mpaka mwenzake aitaje V1, kisha huuondoa. Kwa rai yangu, katika kazi nzima ya urubani hakuna tendo la busara kupita hilo, maana hapo mwanadamu hujinyima ikhtiari kwa makusudi, akijua kwamba hofu ya lahadha ile ingemshauri vibaya.

Sasa na tuitazame Kolwezi, mji wa jimbo la Lualaba ulio takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ikilinganishwa na Mombasa katika joto lile lile, hewa yake ni pungufu kwa karibu moja ya sita. Kipimo cha mwendo kikionyesha kasi ile ile, magurudumu kwa hakika yanakwenda mbio zaidi kwa karibu moja ya kumi, na breki, lau rubani ataamua kusimama, zitapaswa kumeza nguvu iliyozidi kwa takribani moja ya tano; ilhali injini, kwa uchache wa hewa, zinasukuma kwa unyonge. Basi V1 iliyo salama pwani yaweza kuwa maangamizi Lualaba kwa ndege ile ile na mzigo ule ule, na hesabu ya huku haina budi kufanywa upya kila safari, kwa joto la saa ile na upepo wa saa ile.

Tuseme kengele ya moto imelia baada ya V1. Kazi ya kwanza ni kuirusha ndege na kuinyoosha, moto ukiwa ungali unawaka. Kwa desturi ya mashirika mengi, hakuna kinachoguswa mpaka ifike futi 400, yaani kama mita 120. Hapo mmoja hutaja injini yenye moto, mwingine huthibitisha kwa macho na kwa kauli, ndipo nguvu hupunguzwa, mafuta hukatwa, na kishikio cha moto huvutwa ili dawa ya kuzimia ifunguliwe. Thamani ya uthibitisho huo ilidhihirika Taipei tarehe 4 Februari 2015, pale ndege ya ATR ya shirika la TransAsia ilipopoteza nguvu za injini moja muda mfupi baada ya kuruka, na rubani, kwa haraka yake, akaizima ile nzima. Watu 43 walifariki.

Walakini hesabu hizi zote zategemea pia urefu wa njia na uzito ulioandikwa katika karatasi ya shehena. Tarehe 8 Januari 1996, Antonov 32 iliyopakiwa kupita uwezo wake ilishindwa kunyanyuka katika uwanja wa Ndolo, Kinshasa, ikaingia sokoni na kuua watu zaidi ya 200. Goma nako, tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ya Hewa Bora ilipita mwisho wa njia iliyofupishwa na ujiuji wa moto wa volkano ya Nyiragongo wa mwaka 2002, ikaangukia mtaa wa Birere, na wengi wa waliofariki hawakuwa abiria. Apakiaye vipuri vya mgodi pasipo kuvipima amekwisha kuibatilisha V1, na nahodha ataitaja kasi isiyo ya kweli kwa ndege yake.

Kwa hiyo nawaomba wenye mamlaka ya viwanja vya Lualaba waweke mizani mlangoni pa kila ghala la shehena ya ndege, na wawape manahodha haki ya kuteremsha mzigo pasipo kuulizwa na tajiri yeyote.